Charles-Édouard Brown-Séquard

Charles-Édouard Brown-Séquard (Port Louis, Morisi, 8 Aprili 1817 – Paris, Ufaransa, 2 Aprili 1894) alikuwa daktari na mtaalamu wa fiziolojia aliyechunguza hasa ugwe wa mgongo, ugonjwa wa kifafa na kazi ya tezi za mwili. Jina lake limebaki katika tiba kupitia sindromu ya Brown-Séquard, yaani hali inayompata mtu aliyeumia upande mmoja tu wa ugwe wa mgongo. Anahesabiwa pia kati ya waasisi wa elimu ya homoni.

Nje ya tiba anakumbukwa kwa jaribio la mwaka 1889. Akiwa na umri wa miaka 72 alijidunga maji yaliyotolewa katika korodani za wanyama, akatangaza kwamba yamemrudishia nguvu za ujana. Miezi michache baadaye maji hayo yalitumiwa na mchezaji wa besiboli nchini Marekani. Kwa sababu hiyo Brown-Séquard hutajwa mwanzoni mwa historia ya dawa za kusisimua misuli, ambazo nchini Kenya huitwa pia pufya. Swali lililozuka wakati ule, kama nguvu ya kudungwa inaweza kumfanya mchezaji awe mpigaji bora wa mpira, linaendelea kujadiliwa hadi leo.

## Maisha

### Utoto na masomo

Alizaliwa Port Louis, mji mkuu wa kisiwa cha Morisi katika Bahari Hindi. Kisiwa kilikuwa kimetekwa na Waingereza kutoka kwa Wafaransa mwaka 1810, hivyo alizaliwa raia wa Uingereza katika jamii iliyosema Kifaransa. Baba yake, Edward Brown, alikuwa nahodha wa meli kutoka Philadelphia, Marekani. Alipotea baharini kabla mtoto hajazaliwa. Mama yake, Charlotte Séquard, alikuwa mwenyeji wa Morisi mwenye asili ya Kifaransa, naye alimlea mwanawe peke yake katika hali ya ufukara. Baadaye Charles-Édouard aliunganisha jina la mama na la baba.

Mwaka 1838 mama na mwana walihamia Paris. Kijana alitaka kuwa mwandishi wa fasihi, lakini alishauriwa kutafuta kazi nyingine, akaingia chuo cha tiba. Mama alipangisha vyumba kwa wanafunzi waliotoka Morisi ili kulipia masomo. Alifariki kabla mwanawe hajahitimu, na msiba huo ulimwumiza sana. Charles-Édouard alipata shahada ya udaktari mwaka 1846 kwa tasnifu kuhusu ugwe wa mgongo. Mwaka 1848 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Société de Biologie, chama cha wanabiolojia cha Paris.

### Kuhamahama

Brown-Séquard alitumia sehemu kubwa ya maisha yake safarini kati ya Ufaransa, Uingereza, Marekani na Morisi. Alivuka Atlantiki mara nyingi. Mwaka 1852 aliondoka Ufaransa kwa kuwa alikuwa mfuasi wa jamhuri na alihofia utawala wa Louis-Napoléon Bonaparte. Nchini Marekani alijipatia riziki kwa kufundisha na kutibu, na mwaka 1853 alimwoa Ellen Fletcher wa Boston.

Mwaka 1854 alirudi Morisi na kukuta kisiwa kimeshikwa na kipindupindu. Alijiunga na kazi ya kuhudumia wagonjwa, na watu wa kisiwa walimtunukia nishani ya dhahabu kwa huduma hiyo. Kisha alifundisha kwa muda mfupi Richmond, Virginia, kabla ya kurudi Paris.

Kuanzia mwaka 1860 alikuwa mmoja wa madaktari wa kwanza wa hospitali mpya ya wagonjwa wa kupooza na kifafa mjini London, iliyokuwa hospitali ya kwanza ya aina hiyo nchini Uingereza. Mwaka huohuo alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Mwaka 1864 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mke wake Ellen alifariki mwaka huo, na baada ya miaka michache aliacha kazi hiyo. Alioa tena mara mbili, mwaka 1872 na mwaka 1877.

Claude Bernard, mwanafiziolojia mashuhuri kuliko wote nchini Ufaransa, alipofariki mwaka 1878, Brown-Séquard aliteuliwa kushika nafasi yake ya ualimu katika Collège de France. Hapo ndipo alipotulia hadi kufa kwake.

### Majaribio juu ya mwili wake mwenyewe

Tangu ujana alikuwa na desturi ya kujifanyia majaribio. Alimeza sponji iliyofungwa uzi ili kuivuta tena ikiwa imelowa maji ya tumbo, na akarudia hivyo hadi akabaki na tatizo la chakula kurudi mdomoni maisha yake yote. Wakati wa kipindupindu Morisi alimeza matapishi ya wagonjwa ili aone kama dawa ya afyuni ingemkinga, akaponea chupuchupu. Huko Richmond alijipaka vanishi mwili mzima ili kuchunguza kazi ya ngozi, akakutwa amezirai. Jaribio la mwaka 1889 lilikuwa la mwisho katika mfululizo huo mrefu.

## Utafiti

Kazi yake iliyodumu zaidi inahusu ugwe wa mgongo, yaani kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo. Alionyesha kwamba ugwe ukikatwa nusu upande mmoja, mwendo hupotea upande uleule, lakini hisia za maumivu na joto hupotea upande wa pili. Maana yake ni kwamba njia za hisia hizo huvuka ndani ya ugwe wenyewe. Madaktari wanatumia elimu hiyo hadi sasa wanapowachunguza watu waliochomwa kisu, waliopigwa risasi au wenye uvimbe mgongoni.

Mwaka 1856 alionyesha kwamba mnyama aliyeondolewa tezi mbili za adrenali, zilizopo juu ya figo, hufa baada ya muda mfupi. Wakati ule watu wengi hawakujua tezi hizo zina kazi gani. Kutokana na majaribio ya namna hiyo alifikia wazo kwamba tezi humwaga katika damu vitu ambavyo mwili unavihitaji, hata zile zisizo na mfereji wa kutoa maji nje.

Si kila alichokiamini kilithibitika. Alidai kwamba simbilisi aliowajeruhi na kuwasababishia kifafa waliwarithisha watoto wao ugonjwa huo. Charles Darwin alilichukulia dai hilo kwa uzito, lakini wataalamu wa urithi wa baadaye walilikataa.

## Maji ya korodani

Tarehe 1 Juni 1889 Brown-Séquard alisimama mbele ya Société de Biologie akaeleza jaribio lake jipya. Alikuwa amechanganya damu ya mishipa ya korodani, shahawa na maji ya korodani zilizopondwa za mbwa na simbilisi, akachuja na kujidunga chini ya ngozi.

Alisema kwamba kwa miaka kadhaa uzee ulikuwa umemwelemea: alichoka baada ya nusu saa ya kusimama maabarani na hakuweza tena kufanya kazi baada ya chakula cha jioni. Baada ya sindano chache tu aliweza kusimama kwa saa nyingi, kupanda ngazi karibu kwa kukimbia na kuandika usiku. Alipima nguvu ya mkono kwa kifaa maalumu, akapata ongezeko la kilo 6 hadi 7. Alitaja pia kwamba haja ndogo na haja kubwa zilikuwa na msukumo mzuri zaidi. Alipoacha sindano, hali hiyo ilififia katika muda wa wiki nne hivi, na udhaifu ukarudi. Mwezi Julai taarifa yake ilichapishwa kwa Kiingereza katika jarida la The Lancet.

Wenzake wengine walimcheka na kuona kwamba uzee umempotosha. Wengine walisema nguvu hiyo ilitoka katika imani yake tu. Brown-Séquard alilijua pingamizi hilo, akalijibu kwa kutaja majaribio ya daktari mwingine wa Paris, Gaston Variot, aliyewadunga wazee watatu bila kuwaeleza ni dawa ya namna gani. Jibu hilo halikutosha. Anayedungwa sindano anajua kwamba amedungwa, na hapakuwa na kundi la pili lililopewa maji matupu ili kulinganisha.

Pamoja na hayo dawa hiyo ilienea haraka Ulaya na Marekani. Brown-Séquard na msaidizi wake Arsène d'Arsonval waliwapelekea madaktari maji hayo bila malipo, lakini wafanyabiashara walitengeneza yao na kuyauza kama dawa ya maisha marefu. Kwa kuwa hayakuwa safi, baadhi ya waliodungwa walipata majipu na sumu ya damu.

## Pud Galvin na mchezo wa besiboli

Besiboli ni mchezo wa timu mbili unaopendwa sana Marekani, Japani na nchi za Karibi. Katika Afrika Mashariki unachezwa na wachache. Hata hivyo timu ya vijana kutoka Lugazi, Uganda, ilikuwa ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za ligi ya watoto mwaka 2012. Katika mchezo huu mrushaji hutupa mpira mdogo kwa kasi, na mpigaji hujaribu kuupiga kwa gongo la mviringo. Akiuvusha juu ya uzio wa uwanja, timu yake hupata alama hapohapo.

James Galvin, aliyejulikana kama Pud Galvin (1856–1902), alikuwa mrushaji wa timu ya Pittsburgh. Alikuwa kati ya warushaji bora wa zama zake, lakini kama mpigaji alikuwa dhaifu: katika maisha yake yote ya mchezo alifaulu kupiga takriban mara moja katika kila majaribio matano. Mwezi Agosti 1889 alishiriki katika jaribio la maji ya Brown-Séquard kwenye chuo cha tiba mjini Pittsburgh. Siku iliyofuata alicheza dhidi ya Boston. Timu yake ilishinda 9–0, na Galvin mwenyewe alipiga vizuri kuliko ilivyokuwa kawaida yake. Magazeti yaliisifu dawa. Hakuna aliyelaumu, kwa sababu wakati huo hapakuwa na sheria yoyote dhidi ya dawa michezoni.

Siku moja njema haithibitishi kitu. Mpigaji dhaifu naye hubahatika, na ushindi wa 9–0 hutegemea timu nzima. Galvin aliingizwa katika Jumba la Heshima la besiboli mwaka 1965 kwa sababu ya ushindi zaidi ya 360 alioupata kama mrushaji, mwingi wake kabla ya sindano ile.

## Kwa nini maji yake hayakufaa

Homoni kuu ya kiume, testosteroni, ilitengwa kutoka korodani za fahali mwaka 1935 na kundi la Ernst Laqueur mjini Amsterdam. Mwaka huohuo Adolf Butenandt na Leopold Ružička, kila mmoja kwa njia yake, walifaulu kuitengeneza maabarani. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1939.

Kugunduliwa kwake kulionyesha kosa la Brown-Séquard. Korodani hutengeneza testosteroni na kuimwaga katika damu bila kuweka akiba kubwa. Tena homoni hiyo huyeyuka vizuri katika mafuta, si katika maji, ilhali yeye alitumia maji. Mwaka 2002 watafiti wa Australia walirudia utaratibu wake na kupima kilichomo. Walikuta testosteroni kidogo mno kuweza kubadili mwili wa mtu. Kwa hiyo nguvu alizozisikia, na pengine zile za Galvin pia, zilitokana na imani.

Wazo lenyewe, hata hivyo, lilikuwa sahihi. Mwaka 1891 George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimtibu mgonjwa kwa maji ya tezi ya thairoidi ya kondoo, na mgonjwa akapona. Baadaye zikafuata adrenalini na, miaka ya 1921 na 1922, insulini inayookoa wagonjwa wa kisukari.

## Kutoka kwake hadi steroidi

Mwaka 1896, miaka miwili baada ya kifo chake, Oskar Zoth na Fritz Pregl wa Graz, Austria, walijidunga maji ya korodani na kupima uchovu wa misuli ya kidole. Waliona maendeleo, na Zoth akapendekeza dawa ijaribiwe kwa wanamichezo. Kama Brown-Séquard, walikuwa wapimaji na wapimwaji kwa pamoja.

Baada ya mwaka 1935 viwanda vilitengeneza dawa zinazofanana na testosteroni, zinazoitwa steroidi za kujenga misuli. Uwezo wake ulibishaniwa kwa muda mrefu. Mwaka 1996 Shalender Bhasin na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio lenye ulinganifu ambao Brown-Séquard hakuwa nao. Wanaume 43 waligawanywa katika makundi manne: wengine walidungwa testosteroni nyingi na wengine sindano isiyo na dawa, wakiwa na mazoezi au bila mazoezi, kwa wiki 10. Waliopata dawa pamoja na mazoezi waliongeza wastani wa takriban kilo 6 za mwili usio na mafuta, na hata waliodungwa bila mazoezi waliongeza takriban kilo 3. Steroidi halisi, tofauti na maji ya mwaka 1889, huongeza nguvu kweli.

## Je, nguvu humfanya mpigaji awe bora?

Kazi ya mpigaji ina sehemu mbili. Kwanza ni kuukuta mpira. Mpira wa mrushaji hodari hufika kwa kasi ya karibu kilomita 150 kwa saa, na mpigaji ana takriban sekunde 0.4 za kuutambua, kuamua na kuzungusha gongo lenye unene usiozidi sentimita 7. Hapa kinachohitajika ni jicho, mazoea na wepesi wa uamuzi. Hakuna uthibitisho thabiti kwamba steroidi humpa mtu vitu hivyo.

Sehemu ya pili huanza gongo linapougusa mpira. Hapo kasi ya gongo ndiyo huamua mpira utafika wapi, na msuli una kazi. Mwaka 2008 mwanafizikia Roger Tobin wa Chuo Kikuu cha Tufts alikokotoa kwamba misuli ikiongezeka kwa asilimia 10, kasi ya gongo hupanda kwa asilimia 5 hivi na kasi ya mpira kwa asilimia 4. Ongezeko hilo linaonekana dogo. Lakini mapigo mengi ya mpigaji mkubwa huanguka karibu na uzio, na yote yaliyokuwa yakipungukiwa na mita chache sasa huvuka. Kwa hesabu yake, mapigo ya kuvusha uzio yanaweza kuongezeka kwa asilimia 50 hadi 100. Hesabu hiyo inamhusu mtu ambaye tayari anajua kupiga. Mtu asiyeukuta mpira hapati faida.

Historia ya ligi kuu ya Marekani inaonyesha ugumu wa kutenganisha sababu. Mwaka 1998 Mark McGwire alivusha uzio mara 70, akivunja rekodi ya 61 iliyodumu tangu 1961. Mwaka 2010 alikiri kwamba alikuwa ametumia steroidi, ila akadai kwamba alizitumia kutibu majeraha na kwamba kipaji cha kupiga kilikuwa chake. Ligi ilianza kupima wachezaji mwaka 2003. Hata hivyo mwaka 2019, upimaji ukiwa umezoeleka, ligi nzima ilifikisha mapigo 6,776 ya kuvusha uzio, mengi kuliko mwaka wowote uliotangulia. Wanasayansi walioitwa kuchunguza walikuta kwamba mpira wenyewe ulikuwa ukipata ukinzani mdogo zaidi wa hewa. Kwa hiyo idadi ya mapigo peke yake haitoshi kumtambua aliyetumia dawa.

Gharama kwa mwili ni kubwa. Steroidi huweza kudhuru moyo na ini, na kwa vijana huweza kusimamisha kurefuka kwa mifupa. Zaidi ya hayo, mwili unaopewa homoni kutoka nje huacha kutengeneza yake, na korodani husinyaa na kupunguza mbegu. Dawa iliyoanza kutafutwa katika korodani kwa ajili ya kurudisha ujana huishia kuzidhoofisha korodani za mtumiaji.

## Kifo na kumbukumbu

Brown-Séquard aliendelea kuyatetea maji yake hadi mwisho. Alifariki Paris tarehe 2 Aprili 1894, siku chache kabla ya kutimiza miaka 77, akazikwa katika makaburi ya Montparnasse. Aliacha mamia ya makala za kitaalamu.

Nchini Morisi jina lake limepewa hospitali ya magonjwa ya akili iliyopo Beau Bassin. Katika vitabu vya tiba anatajwa kwa sindromu ya ugwe wa mgongo na kwa tezi za adrenali. Katika ufundishaji wa utafiti anatajwa kwa sababu nyingine: ni mfano wa mtaalamu mkubwa aliyekuwa na wazo la kweli, akalithibitisha kwa jaribio lisiloweza kuthibitisha kitu.